Kipete cha Mpira na Trekta Kuukuu la Wajir

Mtu apitaye katika nyika ya Wajir, akitokea Modogashe na Habaswein kuelekea mjini, huona ngamia wengi kuliko magari, na magari mengi kuliko matrekta. Na kwa kuwa utajiri wa nchi ile tangu dahari ni mifugo wala si nafaka, aghalabu hudhani kwamba habari za trekta hazina mahali pake huko. Dhana hiyo haina ithibati. Matrekta yapo, machache na mengi yake kuukuu, na kazi yake ni kubwa kuliko idadi yake: huvuta matangi ya maji wakati wa kiangazi, huzoa tope katika silanga kabla ya mvua kuwasili, na penye unyevu wa kutosha, kama pembezoni mwa kinamasi cha Lorian ambamo mto Ewaso Ng'iro huzama na kupotea, hulima. Ukiteremka hadi Garissa, ukafuata ukingo wa mto Tana penye mashamba ya migomba, miembe, vitunguu na matikiti, utaona jinsi mkulima anavyoitegemea injini ya dizeli asubuhi na jioni, ama iwe ndani ya trekta, ama iwe imefungwa kando ya mto ikisukuma maji.

Injini hizo hazisimami kwa sababu chuma chake kimekwisha. Chuma kile, kilichosubiwa zamani na watu waliojua kazi yao, kingali na umri mrefu mbele yake. Zinasimama, mara nyingi kuliko ipasavyo, kwa sababu ya kipete cha mpira ambacho bei yake haifikii bei ya mbuzi mmoja sokoni Wajir, na ambacho hakipatikani mjini siku kinapohitajiwa. Hayo ndiyo niliyokusudia kuyaeleza, kwa kuwa nimeona mali nyingi ikiozea juani kwa upungufu wa kitu kidogo, na kwa kuwa naamini dawa yake iko karibu kuliko tunavyodhani.

Ndani ya injini ya trekta mna mhimili wa chuma, krenkshafti, uzungukao mara elfu moja na mia kadhaa kwa dakika, ukaogeshwa na oili muda wote wa kazi yake. Ncha zake mbili hazina budi kutokeza nje ya bloku: ya mbele ili izungushe mkanda wa feni, ya nyuma ili ipokelewe na flaiwili na klachi. Basi hapo mhimili unapotokea ndipo penye mtihani, kwa kuwa tundu lazima liwe wazi ili chuma kizunguke, na papo hapo lazima lifungwe ili oili isitoke na vumbi lisiingie. Kazi hiyo ya kufunga bila ya kuzuia hufanywa na sili, nayo ni pete ya chuma iliyovikwa mpira, yenye mdomo mwembamba uliokumbatiwa na springi laini, ambao huugusa mhimili kwa upole, na kati ya mdomo na chuma hubakia utando wa oili usioonekana kwa macho. Hapo kale watu walitumia ngozi na kamba. Katika miaka ya 1930 nyumba ya Freudenberg huko Weinheim, Ujerumani, ambayo amali yake ya asili ilikuwa kudabighi ngozi, ilianza na sili za ngozi na baadaye ikageukia mpira wa kutengenezwa viwandani. Na mnamo 1939 Niels Christensen, mhandisi mzaliwa wa Denmark aliyehamia Marekani, akapewa hataza ya ule mviringo wa mpira mtupu ambao leo hauna idadi katika pampu na mashine za dunia nzima. Mambo hayo si madogo, ingawa vitu vyenyewe ni vidogo; kwani kabla yake injini ilikuwa ikinywa oili na kuitapika, na mwenyewe akaona kuwa ndiyo hulka yake.

Wajir ni nchi ngumu kwa kipete hicho. Vumbi lake ni jembamba, huelea hewani baada ya gari kupita, likakaa juu ya kila penye unyevu wa mafuta. Na punje zake zikishikwa na mdomo wa sili huwa msasa, zikauchimba mhimili wenyewe mfereji mwembamba ambao ukucha wa fundi huuhisi kabla jicho halijauona. Joto nalo hufanya yake, kwani mpira wa kawaida wa nitrili, ambao ndio rahisi kupatikana, huvumilia kadiri ya nyuzi 100 za joto kisha huanza kukauka na kuwa mgumu, na trekta lililovuta tangi la maji mchana kutwa chini ya jua la Februari halina mahali pa kupozea mwili wake. Lakini adui ambaye watu hawamhesabu ni mapumziko. Trekta la nyikani hufanya kazi miezi kadhaa, kisha likaegeshwa hadi msimu mwingine, na katika kimya hicho oili huteremka, mdomo wa sili hukauka na kushikana na chuma, na siku injini inapoamshwa mdomo huraruka kwa mzunguko wa kwanza. Mwenye kuiwasha injini yake kwa robo saa kila juma, hata kama hana safari, huokoa sili nyingi kuliko anayenunua za bei kubwa.

Maji pia yana lawama yake. Mji wa Wajir umekaa juu ya mawe ya chokaa, na visima vyake vifupi vilivyochimbwa kwa mikono, ambavyo ndivyo vilivyowavuta wafugaji mahali hapo tangu kabla ya Waingereza kuweka kituo chao mnamo 1912, hutoa maji mazito yenye chokaa na mara nyingi chumvi. Maji hayo yakimiminwa katika rejeta huacha ukoko ndani yake, na ukoko huo hukwaruza sili ya pampu ya maji na kuila gasketi ya silinda hedi polepole. Mvua inaponyesha, dumu moja au mawili ya maji ya mvua yakiwekwa kando kwa ajili ya rejeta tu, gharama yake ni kuyakinga, na faida yake ni miaka.

Sasa tulitazame trekta lenyewe. Katika matrekta kuukuu ya Kenya, Massey Ferguson 135 lina cheo cha mzee wa mtaa. Lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 hadi 1975, na lile la dizeli lilipewa injini ya Perkins ya silinda tatu iitwayo AD3.152, yenye ujazo wa lita mbili na nusu hivi. Perkins ilianzishwa Peterborough mnamo 1932, ikanunuliwa na Massey Ferguson mnamo 1959, na injini yake hiyo ya silinda tatu ilistahiwa hata baada ya Uingereza kuacha kuliunda trekta lililoibeba. Kwani Millat Tractors ya Lahore, Pakistan, na TAFE ya Chennai, India, ziliendelea kuunda matrekta ya ukoo ule ule kwa ruhusa ya wenyewe, na kwa sababu hiyo spea zake zikabaki zikitoka viwandani mwaka baada ya mwaka. Mwenye trekta la 1968 huko Wajir, ambaye kila mpita njia humwambia kwamba chombo chake kimepitwa na wakati, ana bahati ambayo mwenye gari la miaka kumi iliyopita huenda hana: sili yake ingali ikitengenezwa. Bahari ile ile ya Hindi iliyoleta nguo na tende kwa majahazi inaleta sili hizo kwa makontena hadi Kilindini, na kutoka Mombasa hupanda Nairobi.

Kutoka Nairobi hadi Wajir ndipo penye taabu. Mji huo uko zaidi ya kilomita 600, kwa njia ya Thika, Mwingi, Garissa, Modogashe na Habaswein, na maduka yake ya spea, ambayo hujaza rafu kwa mahitaji ya malori, pikipiki na yale magari madogo ya Toyota yanayostahimili mchanga, hayawezi kulaumiwa kwa kutokuweka akiba ya vitu vya trekta ambalo huenda likaulizwa mara moja kwa mwaka. Hivyo utafutaji huanza kwa simu. Fundi huipiga picha sili iliyotoka, akaituma kwa jamaa yake Eastleigh, Nairobi, kisha akampigia, nao kwanza hujuliana hali, na hali ya mvua, na hali ya mifugo, kwa kuwa hakuna adabu ya kulitanguliza jambo la biashara mbele ya salamu, na ndipo mdogo, akimwita mwenziwe ami kwa Kisomali, husema, "Haya, adeer, niambie unataka nini." Yule wa Eastleigh huteremka mpaka Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wangali wakiijua kwa jina la Grogan, akaipita duka kwa duka penye spea za matrekta na mashine za shamba, picha mkononi. Fedha husafiri kwa M-Pesa kwa dakika moja. Sili husafiri kwa basi la usiku, ndani ya bahasha aliyokabidhiwa dereva au utingo, na asubuhi au jioni ya siku ya pili mwenyewe huipokea stendi, ikiwa barabara imekubali. Wakati mwingine barabara haikubali: mwishoni mwa 2023 mafuriko yaliikata njia karibu na Madogo, ng'ambo ya Tana kutoka Garissa, na watu wakavushwa kwa mashua, sembuse bahasha.

Utaratibu huo wa udugu na uaminifu unastahili sifa kubwa, na ni ghali kuliko unavyoonekana, kwa sababu ya kosa moja linalojirudia: picha haina vipimo. Sili zenye sura moja ni nyingi kupita kiasi, na tofauti ya milimita mbili haionekani katika kioo cha simu. Kila sili hujulikana kwa vipimo vitatu, yaani upana wa tundu la ndani unamopita mhimili, upana wa nje unaokaa katika bloku, na unene wake. Na mara nyingi vipimo hivyo, pamoja na namba ya kiwanda, huwa vimechapwa usoni pake, chini ya tope la mafuta ambalo hutoka kwa kitambaa na dizeli kidogo. Injini za Uingereza za miaka ile zilipimwa kwa inchi, ilhali maduka mengi leo hupima kwa milimita. Inchi moja ni milimita 25.4, basi mhimili wa inchi mbili ni milimita 50.8, na muuzaji asiye na sili yake kamili humpa mnunuzi ya 50, ambayo hubana mno na kuungua, au ya 52, ambayo hulegea na kuvuja tangu siku ya kwanza, na zote mbili humfanya mnunuzi aamini kwamba trekta lake ndilo bovu. Kalipa moja ya chuma, kile kifaa cha kupimia upana, ambayo fundi anaweza kuinunua kwa bei ya chakula cha siku mbili, pamoja na namba ya injini iliyonakiliwa kutoka kwenye bloku, huokoa safari nzima ya bahasha. Namba ya injini ni muhimu hasa kwa sili ya nyuma ya Perkins, kwa sababu injini za awali zilifungwa kwa kamba na za baadaye kwa sili ya mdomo, na kimoja hakikai mahali pa kingine.

Nitakaa kidogo juu ya sili hiyo ya nyuma, maana ndiyo iwavunjayo watu nguvu. Trekta la namna hii halina fremu kama lori. Injini yake, nyumba ya klachi na giaboksi vimeunganishwa kwa bolti, navyo vyenyewe ndivyo uti wa mgongo. Kuifikia sili ya nyuma hakuna njia nyingine ila kuligawa trekta sehemu mbili, mbele ikategemezwa kwa magogo na kabari, nyuma kwa jeki, vikaachanishwa taratibu kwa macho ya watu wawili watatu, kisha klachi na flaiwili zikatolewa. Ni kazi ya siku mbili au zaidi mahali penye sakafu ya zege. Chini ya mgunga, juu ya mchanga, ni kazi ya hatari, na gogo likiteleza linaweza kumponda mtu. Mwenye trekta anayejaribu kupunguza gharama hapo kwa kununua sili ya bei ya chini kabisa, akailipa kazi kubwa ya kuifunga, kisha akailipa tena baada ya msimu mmoja, amefanya hesabu mbaya. Na ambaye huiacha sili hiyo ivuje kwa hoja kwamba oili ni rahisi kuongeza, mwisho hununua sahani ya klachi, kwa sababu oili huifikia, nayo huanza kuteleza siku tangi limejaa.

Kamba ya injini za awali hudai mkono wa subira. Hukandamizwa ndani ya mfereji wa nyumba yake yenye nusu mbili, ikaviringishwa kwa kipande cha chuma cha mviringo hadi ilale sawa, na ncha zake huachwa zitokeze robo hadi nusu ya milimita ili zibanane nusu mbili zinapofungwa. Kisha hupakwa mafuta ya grafiti. Zile za zamani zilisukwa kwa asbesto. Fundi anayezitoa asizipulize kwa pumzi wala kwa hewa ya kompresa, bali azilowanishe kwanza na kuzifunga katika mfuko, maana vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na madhara yake hujitokeza baada ya miaka mingi, mtu akiwa amekwisha kusahau alikolivuta.

Na kabla ya yote hayo, injini iulizwe kama kweli sili ndiyo yenye makosa. Kila injini ina bomba la kupumulia, linalotoa moshi na mgandamizo unaopenya kando ya pistoni. Vumbi likiliziba bomba hilo, hewa ya ndani hutafuta njia nyingine na kuisukuma oili nje kupitia sili iliyo nzima. Wengi wameligawa trekta kwa ugonjwa ambao ungetibiwa kwa kusafisha bomba kwa mafuta ya taa. Iwapo bomba ni safi lakini kifuniko cha oili kikifunguliwa hutoka moshi mwingi kwa vishindo, basi ringi na pistoni zimechoka, na sili mpya itavuja kama ile kuukuu. Iwapo mhimili unacheza ukitikiswa, beringi zimekwisha, na hakuna mpira duniani utakaoizuia oili. Tena kipimo cha oili kikionyesha kwamba oili inaongezeka badala ya kupungua, nayo inanuka dizeli, ugonjwa uko katika sili ya pampu ya dizeli, na injini isiwashwe tena hata kidogo mpaka itengenezwe, kwa kuwa oili iliyochanganyika na dizeli hailindi chuma. Mhimili ukiwa umechimbwa mfereji, fundi stadi huisukuma sili mpya milimita moja mbili ndani zaidi au nje zaidi, palipo na nafasi, ili mdomo wake ukae juu ya chuma kizima. Hila hiyo ni ya zamani na ni halali.

Bidhaa bandia nazo zipo, ingawa Kenya ina sheria dhidi yake tangu 2008 na mamlaka ya kuisimamia. Pamoja nazo kuna sili za kweli zilizozeeka dukani, zimekaa dirishani juani mpaka mpira umekauka, na hizi hazina hatia ya kughushiwa ila hazina faida pia. Mnunuzi aukunje mdomo wa sili kwa kidole: ukirudi mahali pake kwa ulaini ni mzima, ukionyesha nyufa nyembamba airudishe kwa adabu na kuomba nyingine.

Hayo niliyoyasema juu ya trekta hayaishii kwa trekta. Chini ya ardhi ya Wajir Kusini imelala hazina ya maji ya Merti, inayopita Habaswein kwenda Dadaab na Liboi, na visima virefu vinavyoyavuta maji hayo vimetegemea kwa miaka mingi jenereta za dizeli, ambazo sili zake ni ndugu wa hizi. Nishati ya jua imeanza kuchukua nafasi katika visima kadhaa, nami naifurahia, lakini dizeli haijaondoka. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilipokosa kwa kufuatana, injini za visima zilikesha zikifanya kazi, na kila moja iliyosimama iliwaacha ngamia na mbuzi wamepanga safu mbele ya hodhi tupu. Wakati wa dhiki mashirika na serikali huleta spea kwa dharura, na wanashukuriwa. Lakini spea ya dharura huja baada ya mnyama wa kwanza kuanguka.

Kwa hiyo naomba jambo dogo. Idara ya maji ya Kaunti ya Wajir, pamoja na kamati za visima na wenye matrekta, waorodheshe injini zote zilizomo katika kaunti, aina yake na namba yake. Wapime sili za kila moja kwa kalipa. Kisha waweke mjini Wajir, na nakala yake Habaswein, sanduku moja lililofungwa, kivulini, lenye sili mbili mbili za kila kipimo na gasketi zake, likatunzwa na fundi anayeandika daftari, na kila kinachotolewa kilipiwe na kununuliwa kingine siku ile ile. Injini nyingi hushiriki vipimo, kwa hiyo sanduku halitakuwa kubwa. Vyuo vya ufundi vya kaunti viwafundishe vijana kutumia kalipa na kusoma namba kabla ya kuwafundisha kufungua bolti. Na wewe msomaji mwenye trekta kuukuu, ama uwe Wajir, ama Garissa kando ya Tana, usingoje kaunti: leo hii nakili namba ya injini yako, na vipimo vya sili yake ya mbele na ya nyuma kama unavyo, uviandike kwa rangi ndani ya kifuniko cha boneti, mahali ambapo fundi yeyote atakayekuja baada yako atavisoma.